Nilivyodhibiti fangasi wa udongoni anayeozesha matikiti upande wa chini

Tikiti likianza kulainika, mimi huligeuza kwanza nione upande uliolalia ardhi. Nikikuta doa la majimaji, nyuzi nyeupe, na juu yake punje za duara kama mbegu za haradali, nyeupe zinazogeuka kahawia, najua ni Sclerotium rolfsii. Punje hizo ndizo za kuogopwa. Zina milimita 1 hadi 2 tu, lakini hukaa udongoni miaka kadhaa zikingoja unyevu na joto la nyuzi 27 hadi 35.

Kilichonisaidia zaidi ni jembe. Fangasi huyu anahitaji hewa, hivyo punje za karibu na uso wa udongo ndizo huota. Kabla ya kupanda napindua udongo sentimita 20 hadi 30, masalia yote yafukiwe. Kuanzia hapo palizi ni ya juujuu tu. Ukilima tena kwa kina mapema, unazirudisha juu zikiwa bado hai. Samadi mbichi siweki, maana majani yasiyooza vizuri ndiyo humpa nguvu kabla hajafikia tunda. Kwa sababu hiyohiyo, penye ugonjwa huu sitandazi nyasi chini ya matunda, ingawa ni ushauri wa kawaida.

Matunda yakifika ukubwa wa ngumi nayainua juu ya kipande cha ubao, kigae au sahani ya plastiki iliyotobolewa isituamishe maji. Shika tunda lenyewe, kikonyo kisipinde. Namwagilia kwa matone asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku.

Tunda lililooza haliburutwi. Nalitia kwenye mfuko palepale, pamoja na udongo wa chini yake sentimita 5 hivi, kwa kuwa punje hudondoka kwa kuguswa tu. Kwenye mboji haliingii kabisa.

Dawa ya kuua fangasi yenye kiambato cha azoksistrobini husaidia ikipigwa kabla ugonjwa haujashika, kwa kipimo cha kwenye lebo. Tunda lililokwisha kuoza haliponi. Sehemu iliyoathirika sana naipa mahindi au mtama kwa miaka 3, si nyanya, karanga wala maharage, kwani hayo yote humlisha. Jua likiwa kali, nalowanisha udongo na kuufunika kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6, kingo zikiwa zimefukiwa. Nailoni nyeusi haipashi udongo joto la kutosha kwa kazi hii.