Mlio wa mgongo si dalili ya kupona

Katika video za kiropraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono, zinazosambaa mitandaoni, kinachowavuta watu ni ule mlio. Mgonjwa analazwa ubavu, anasukumwa mara moja, mgongo unalia, naye anainuka akitabasamu. Watazamaji wengi huamini kwamba mfupa uliokuwa umehama umerudi mahali pake. Sivyo. Nyuma ya pingili za uti wa mgongo kuna maungio madogo yenye ute ndani. Yakitanuliwa ghafla, shinikizo la ute hushuka na gesi iliyoyeyuka humo hujitenga. Hapo ndipo panapolia. Ungio likishalia huhitaji kama dakika 20 kabla ya kuweza kulia tena. Na mtu anaweza kupata nafuu bila mlio wowote.

Imani ya mfupa uliohama ilianza na Daniel David Palmer, mwanzilishi wa fani hii, mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Alidai kwamba pingili zilizosogea hubana neva na kuleta karibu magonjwa yote. Mwaka 2010 baraza linalowasajili wataalamu hawa Uingereza lilikiri kwamba hakuna ushahidi kuwa kasoro hiyo husababisha maradhi. Kwa hiyo ukiahidiwa kwamba kunyooshwa mgongo kutaondoa pumu, kisukari au kilio cha mtoto mchanga, chukua mkoba wako uondoke.

Kwenye maumivu ya kiuno yasiyo na ugonjwa mahususi nyuma yake, mambo ni tofauti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 umeiweka tiba hii ya mikono miongoni mwa njia zinazoweza kutumiwa kwa maumivu sugu ya kiuno. Nafuu yake si kubwa, na hailizidi zoezi zuri. Misuli iliyojikaza hulegea, maumivu hupungua kwa muda, na muda huo ndio wa kuanza kujinyoosha na kutembea. Anayelala kitandani akingoja miadi ijayo anaupoteza.

Tabibu mzuri utamjua kabla hajakugusa mgongo. Atauliza maumivu yalianza lini, yanashuka hadi wapi, na kama yanakuamsha usiku. Atagonga goti na kano ya kisigino kwa kinyundo, atakuambia uinue kidole gumba cha mguu huku akikizuia, kisha atauinua mguu wako ukiwa umenyooka. Maumivu yakichoma hadi chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70 hivi, huenda diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, inagusa neva, na mpango wa tiba hubadilika. Picha ya eksirei si lazima kwa kila mtu. Anayempiga kila mgeni picha mlangoni anajaza mfuko wake.

Wapo wasiopaswa kusukumwa mgongo kabisa: wenye mifupa dhaifu kwa uzee au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu, waliovunjika, wenye saratani iliyofika mifupani. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda waseme mapema. Kwetu Afrika Mashariki ongeza kifua kikuu cha uti wa mgongo: maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, jasho la usiku, kupungua uzito, wakati mwingine kinundu katikati ya mgongo. Pingili iliyoliwa na kifua kikuu ikisukumwa inaweza kuporomoka na mtu akapooza. Na ukipata ganzi sehemu za siri na makalio, ukashindwa kukojoa au miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hiyo ni dharura ya upasuaji.

Shingo inataka tahadhari zaidi. Kuizungusha kwa nguvu kunaweza, kwa nadra, kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili zake na kuleta kiharusi. Maumivu mapya na makali ya shingo pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili au kuongea kwa shida ni sababu ya kukataa. Kinyozi anayetaka kukuvunja shingo baada ya kunyoa, mkatalie pia.

Jaribio la haki ni ziara 4 hadi 6 ndani ya wiki tatu au nne. Usipoona tofauti katika kuinama, kukaa au kulala, acha. Kifurushi cha ziara 30 kinacholipiwa mapema ni biashara. Baada ya kushughulikiwa, uchovu wa misuli wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Tembea kidogo kidogo, weka kitambaa cha moto. Kisha shika zoezi hili: piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia sekunde 10 bila kiuno kubonyea, badilisha. Mara 6 kila upande, kila siku. Kiuno kikitetemeka, anza kwa mguu peke yake.