Mashine yangu ya kahawa ya mvuke, umeme ulipokatika ndio nikaielewa

Hii mashine niliikuta Kariakoo kwenye meza ya mitumba ya vyombo vya umeme, imelala katikati ya pasi na blenda, haina boksi wala kitabu cha maelezo, jamaa akataka elfu sitini nikampa arobaini na tano baada ya kuichomeka tukaona taa inawaka. Ni zile ndogo zisizo na pampu. Juu ina tanki la chuma lenye kifuniko cha kusokota, chini mpini wenye kichujio cha kuwekea kahawa, pembeni kibomba cha mvuke wa maziwa, na swichi ya kuzungusha yenye sehemu tatu: kahawa, zima, mvuke. Maji yanachemka yakiwa yamefungiwa, mvuke unakosa pa kutokea, unayasukuma maji yapite kwenye kahawa. Basi, hakuna maajabu mengine humo ndani.

Nimefika nayo nyumbani Mama Nasra akaizunguka, akaniuliza, "Baba Nasra, si tuna presha kuka tayari?"

Mwezi wa kwanza ilikuwa aibu tupu. Kahawa inatoka nyeusi tii na chungu, na sio ule uchungu wa kahawa ya kijiweni ya kwenye dele ambao ukiuma na kipande cha kashata unaongeza kikombe, hapana, huu ulikuwa wa kitu kilichoungua sufuriani. Nikalaumu kahawa. Nikaacha ya Moshi nikachukua ya Mbinga, ladha ileile. Nikasema labda haijasagwa vizuri, nikaitia kwenye blenda mpaka ikawa kama unga wa sembe, nikaijaza kwenye kichujio nikaishindilia na kijiko kwa nguvu zote kama nilivyowaona wale vijana wa kwenye migahawa ya kishua wanavyofanya.

Sasa siku hiyo nikasubiri. Tone moja, tone la pili, kimya. Mashine inanguruma tu haitoi kitu. Nikaizima nikaona isiwe tabu, ngoja nifungue nipunguze kahawa, nikashika mpini nikazungusha kidogo tu, puuu! Machicha ya moto mpaka darini, ukutani, kwenye miwani, kiganja kikababuka. Kumbe unga ulikuwa umeziba kila kitundu na presha yote imebaki ndani inanisubiri mimi. Tangu siku hiyo sigusi mpini wala kifuniko kabla sijatumbukiza kile kibomba kwenye kikombe cha maji nikafungua mvuke mpaka inyamaze kabisa, halafu nakaa dakika tano nyingine nafanya mambo yangu. Na wale vijana wa mgahawani mashine zao zina pampu, wanasukuma kwa bar 9 (bar ni kipimo cha presha), yangu ikijitahidi sana ni mbili tatu, kwa hiyo kahawa ya kushindilia haiiwezi. Siku hizi naenda na buni dukani nawaambia wanisagie iwe kama chumvi ya mezani, nikifika nasawazisha na mgongo wa kijiko, sikandamizi.

Kuziba kukaisha ila kuungua kukabaki pale pale. Nilikuwa nimeshaanza kuitafutia mteja.

Halafu jioni moja nimeiwasha, kahawa imeanza kushuka kwenye jagi, imefika kama nusu, Tanesco wakafanya yao. Giza. Ikadondosha kidogo ikakata. Nikanywa hivyo hivyo kwa mwanga wa simu kwa sababu kumwaga ni dhambi, aisee, ilikuwa ndio kahawa ya kwanza nzuri tangu niinunue! Ina utamu kwa mbali, haina majivu. Nikarudia kesho yake kwa makusudi, nikazima mwenyewe katikati, ikatoka vile vile.

Baadaye ndio nikaelewa. Maji yaliyofungiwa hayaishii nyuzi 100, presha ikipanda na joto linapanda, ikiwa bar mbili juu ya hewa ya kawaida unaongelea nyuzi 130 na kitu, wakati kahawa yenyewe inataka kama 90 hadi 96. Ile ya mwanzo inapita maji hayajawa makali sana, ya mwisho ni karibu mvuke mtupu unakaanga machicha, na mimi nilikuwa nasubiri mpaka tone la mwisho nione nimefaidi. Hii kazi ya mvuke sio ngeni, Mwitaliano Luigi Bezzera aliomba hataza, yaani haki ya ubunifu, ya mashine yake ya mvuke mwaka 1901, waliokuja nyuma yake walihangaika sana kuondokana na huu huu moto mwingi.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa: naweka maji ya vikombe vinne na kahawa ya vikombe vinne, lakini nachukua nusu tu. Rangi ikianza kupauka kutoka kahawia nzito kwenda kama ya chai ya rangi, nazungusha swichi kwenye mvuke fasta, na ile presha iliyobaki ambayo ingeunguza kahawa inakwenda kwenye maziwa. Maziwa yawe ya baridi kutoka kwenye friji, ncha ya kibomba iguse juu juu tu, utasikia kama mtu anachana karatasi, ikianza kupiga kelele nzito zamisha kidogo. Kikombe cha bati kikishindwa kushikika mkononi, acha. Futa kibomba saa hiyo hiyo na upulize mvuke kidogo, maziwa yakigandia humo ni kazi ya sindano. Ni wati 800, dakika kama sita, hata LUKU haishtuki.

Usumbufu uliobaki ni maji. Tunatumia ya kisima, yana chumvi, ikafika wakati mashine inachukua dakika kumi na mbili kupata moto, nikamulika ndani nikakuta ukoko mweupe umeganda kama nazi iliyokaukia kwenye mbuzi. Nikachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikaipasha bila kahawa, nikaiacha nusu saa, nikamwaga, nikasuuza na maji matupu mara tatu, Mama Nasra akalalamika siku nzima nyumba inanuka achari. Sasa naiwekea maji ya dumu ya kunywa. Ikivuja pembeni ya mpini sikimbilii kwa fundi, mara nyingi ni chembe za kahawa zimekaa kwenye raba, mswaki wa zamani unamaliza.

Mama Nasra siku hizi cha maziwa ni chake, mimi naambulia kinachobaki kwenye jagi. Doa la darini halijatoka, mwenye nyumba akija kudai kodi kahawa yake namletea barazani.