Uzoefu wangu: nilivyosaka chanzo cha maumivu ya nyonga baada ya tendo

"Nyonga zinauma baada ya tendo la ndoa" ni maelezo yasiyomfikisha daktari popote. Mimi nilifika kwa daftari. Kila mara niliandika siku ya mzunguko, mahali panapouma, maumivu yalianza lini na yalidumu kwa muda gani, na kama kulikuwa na damu, uchafu au mkojo unaochoma. Mizunguko mitatu ilitosha.

Kuchoma mlangoni mwa uke mara nyingi ni ukavu au fangasi. Ukavu huwapata zaidi wanaonyonyesha na waliokoma hedhi, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike, imeshuka. Maumivu ya ndani kabisa yanayozidi hedhi ikikaribia, hasa kama haja kubwa nayo inauma siku hizo, yanatia shaka ya endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake. Hapa wengi hukwama: ultrasaundi ikitoka safi wanaambiwa hawana kitu, ilhali vidonda vidogo vya ugonjwa huu mara nyingi havionekani kwa kipimo hicho. Tumbo la chini likiuma pamoja na uchafu usio wa kawaida au homa, fikiria maambukizi ya mirija ya uzazi. Antibayotiki zake kwa kawaida humezwa siku 14, na mwenzi asipotibiwa, ugonjwa unaweza kurudi. Mkazo mfupi kama wa hedhi mara baada ya kufika kileleni ni mfuko wa uzazi unaojikaza tu.

Daftari langu halikufuata hedhi. Lilionyesha uzito unaovuta hadi mapajani kwa saa mbili tatu baada ya tendo. Vipimo vya mkojo, ujauzito na majimaji ya uke vilikuwa safi. Jibu lilipatikana pale misuli ya sakafu ya nyonga (ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini) ilipobonyezwa kwa kidole kimoja ndani ya uke, maumivu yale yale yakaamka. Misuli ilikuwa imekakamaa. Mazoezi ya Kegel, ya kukaza na kuachia misuli hiyo, niliyokuwa nikifanya kwa bidii yalikuwa yakiongeza tatizo, maana misuli isiyojua kulegea haihitaji kukazwa zaidi.

Nikageuza zoezi. Chali, magoti yamekunjwa, pumzi ya pua kwa hesabu ya 4 huku tumbo likipanda na sehemu ya chini ikiachiwa kana kwamba mkojo unataka kuanza. Kisha pumzi nje kwa hesabu ya 6, bila kusukuma. Dakika 10, asubuhi na usiku. Wiki mbili za mwanzo huoni kitu, na ndipo wengi huacha. Nafuu ya kweli ilihitaji kama wiki 10. Wakati wa tendo, kilainishi cha maji (mafuta huharibu kondomu za mpira) na mkao wa kuwa juu, ili kina nikipime mwenyewe. Baadaye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula husaidia, ila si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo wala mgonjwa wa figo.

Maumivu makali ya ghafla yenye kutapika, au hedhi iliyochelewa pamoja na kizunguzungu au bega kuuma, hayaingii daftarini: huenda ovari imejinyonga au mimba iko nje ya kizazi, na hospitali ni saa hiyo hiyo. Damu inayojirudia baada ya tendo, hata bila maumivu, inataka mlango wa kizazi uchunguzwe.