Siku Moja Chumbageni, Nikiliandaa Gitaa la Umeme

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimekwisha kutandika kanga kuukuu juu ya meza ya chakula na kulilaza gitaa chali juu yake. Nililinunua juzi kwa muuza mitumba. Limetoka Japani, lina umbo la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, na kwa kuwa kikundi chetu cha taarabu kina mazoezi kila Jumatano usiku, nilikuwa na siku moja tu ya kulifanya liaminike. Wengi hufunga nyuzi mpya, wakaanza kupiga, kisha wakalilaumu gitaa kwa kutopatana na kinanda, ilhali gitaa halikuwahi kuandaliwa. Katika mji wetu wa Tanga, uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ambako vikundi vya Black Star na Lucky Star vililiingiza gitaa la umeme katika taarabu, naona uzembe huo haufai.

Nyuzi za zamani zilikuwa zimeshika kutu, jambo lisiloshangaza kwa chombo kilichokaa karibu na bahari. Nilizilegeza moja moja kabla ya kuzikata, kwa sababu nyuzi sita zikikazwa kikamilifu huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 45, karibu uzito wa mfuko wa saruji, na si vyema kuiachia nguvu hiyo kwa ghafla. Freti, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, zilikuwa na ukijani wa shaba. Nilizisugua kwa sufi laini ya chuma, baada ya kuzifunika kwa selotepu pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, maana pikapu ni sumaku na vumbi la chuma likiingia humo halitoki kwa urahisi. Ubao wa shingo niliupaka matone machache ya mafuta ya cherehani kwa kitambaa. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi, na harufu yake ninaipenda, lakini mafuta hayo huchacha na kunata.

Saa 2 mke wangu aliniletea chai na mihogo ya kuchemsha, nami nikala nikiwa nimesimama. Nilifunga nyuzi mpya, nyembamba ikiwa na unene wa 0.25 mm na nene 1.17 mm, nikazivuta kwa vidole ili zinyooke, nikazikaza upya hadi zikatulia.

Saa 3 nilikwenda kwa jirani yetu, fundi wa magari, kuazima fila, zile bamba nyembamba za chuma za kupimia nafasi ndogo.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, baba. Fila ya nini, nawe huna gari?”

Nilimweleza kwamba shingo ya gitaa haitakiwi kunyooka kabisa. Inatakiwa ipinde kidogo sana ili uzi upate nafasi ya kutikisika bila kugonga freti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazifuta zile fila kwa kitambaa, akanikabidhi. “Ni kama tapeti za injini,” alisema. “Ikibana sana inaungua, ikilegea sana inapiga kelele.” Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Niliukandamiza uzi nene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, nikapitisha fila chini yake juu ya freti ya 8. Ile ya 0.50 mm ilipita bila kuugusa uzi, nami nilitaka 0.25 mm. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ya kurekebisha mpindo huo, ambayo kichwa chake huonekana upande wa vigingi vya kukazia nyuzi. Niliigeuza kwa kispana chenye umbo la herufi L kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, robo mzunguko tu, nikazikaza nyuzi tena, nikasubiri. Mbao haijibu papo hapo, na anayeiharakisha huivunja fimbo, naye akiivunja basi shingo ile imekwisha. Baada ya nusu saa nilipima tena, na fila ya 0.25 mm ikapita huku ikiugusa uzi kama karatasi inayotelezeshwa chini ya mlango.

Kimo cha nyuzi kilinichukua muda mfupi: 1.6 mm juu ya freti ya 17.

Saa 5 nilianza kazi ninayoipenda kuliko zote, yaani kuoanisha urefu wa kila uzi. Kwenye gitaa la aina hii uzi una urefu wa 648 mm, na freti ya 12 imekaa katikati, kwenye 324 mm, mahali ambapo sauti hurudia ileile ya uzi mtupu ikiwa juu kwa oktavu moja. Unaugusa uzi pale bila kuukandamiza ili utoe sauti nyembamba kama ya kengele, kisha unaukandamiza na kulinganisha. Uzi wa G ukikandamizwa ulikuwa juu mno. Kwa hiyo nilikirudisha nyuma kile kipande cha chuma kinachoubeba kwenye daraja, yaani sehemu inayoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, nusu mzunguko wa skrubu, nikautyuni upya, nikasikiliza. Nilirudia mara tano. Katika taarabu gitaa hujibizana na mwimbaji juu kabisa ya shingo, na pale sauti ikipotoka hata kidogo, fidla huifichua.

Saa 7 mchana nilichomeka gitaa kwenye amplifaya, likanguruma mngurumo mzito wa umeme wetu wa 50 Hz. Nilizishika nyuzi kwa kiganja, na mngurumo haukupungua. Hiyo ni dalili ya kuaminika: nyuzi zinapaswa kuunganishwa na waya wa ardhi kupitia daraja, na ukizishika kelele hushuka. Kabla sijafungua kifuniko cha nyuma, umeme ulikatika mtaa mzima.

Multimita, kipimo changu cha umeme, inatumia betri, hivyo sikusimama. Niliweka ncha moja kwenye uzi na nyingine kwenye ganda la jeki, tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, na hakukuwa na mawasiliano yoyote. Ndani, kwenye chuma kinachoshika springi, waya mweusi ulikuwa umebanduka, na risasi yake kuukuu ya kuchomelea ikiwa ya kijivu, imekauka kama chokaa. Marehemu baba alikuwa fundi redio, naye aliniachia chuma chake cha kuchomelea, kipande cha shaba chenye mpini wa mti, kinachopashwa moto kwenye makaa. Nilikiweka kwenye jiko la mke wangu, pembeni mwa sufuria ya maharage, mpaka ncha yake ikayeyusha risasi kwa kuigusa tu. Risasi mpya ilitambaa juu ya chuma, ikang'aa, kisha ikaganda. Leo Fender, aliyeliasisi gitaa la umbo hili mwaka 1954, naye alikuwa fundi redio huko California, na hakuwa mpiga gitaa. Baba angefurahi kulijua hilo.

Umeme uliporudi saa 10 alasiri, niligusa nyuzi na mngurumo ukashuka. Hata hivyo, kwa kuwa nyuzi sasa zimeungwa na ardhi ya amplifaya, nimeiondoa ile plagi ya pini mbili niliyokuwa nikiitumia na kufunga ya pini tatu. Nawasihi wenzangu wote wanaopiga kumbini wafanye hivyo; mikono yenye jasho kwenye nyuzi, na amplifaya yenye hitilafu isiyo na waya wa ardhi, ni njia fupi ya kifo.

Mwisho nilizishusha pikapu kidogo, kwani zikikaribia mno sumaku huzivuta nyuzi nene na kuziharibia sauti.

Saa 1 usiku tulikuwa ukumbini. Mpiga kinanda alinipa noti ya A, nikalinganisha. Baada ya wimbo wa kwanza uzi wa B ulikuwa umeshuka kidogo, kama nyuzi mpya zinavyofanya. Niliupandisha, mama mwimbaji akanitazama, akatikisa kichwa kukubali, tukaingia wimbo wa pili.