Usimpe hela ya WRX mtu ambaye hajui mapu ni nini

Juzi dogo mmoja kanitumia picha za Subaru Impreza WRX ya bluu, ile ya chasisi GDA, rimu za dhahabu, eksozi kubwa kama bomba la DAWASA, imeshushwa mpaka unajiuliza matuta inavukaje, akaandika "bro nichukue?" Nikacheka peke yangu halafu kicheko kikakata maana hiyo gari mimi nishaimiliki. Sio hiyo yenyewe, ila ndo hiyo hiyo, mnanielewa.

Wakati natafuta ya kwangu zilikuwepo mbili. Moja rangi ya fedha, haijaguswa kitu, siti zimepauka, mwenyewe hashuki bei. Ya pili ishafungwa kila kitu, filta ya wazi, masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi yametolewa, inapiga pshhh kila ukibadili gia, na ilikuwa chini kwa milioni mbili. Nikapiga hesabu za kitoto, kwamba hivi vitu nikinunua mwenyewe ni hela ndefu na hapa napewa bure. Sikujiuliza kabisa kwa nini mtu amwage hela zote hizo halafu auze chini ya ile iliyochoka.

Miezi minne tu. Niko Bagamoyo Road nikaona inamisi, nguvu hamna, nikisimama injini inatetemeka, nyuma moshi wa bluu. Fundi akapima kompresheni, silinda tatu ziko vizuri, ya nne imelala. Kufungua injini, pistoni imemeguka pale kwenye mifereji ya ringi.

Ngoja niwaeleze alivyonifafanulia yule fundi maana ndo nilipolipia ada. Injini ya WRX ya Japan ya miaka ile ni EJ205, lita 2, farasi 250, na kompyuta yake iliandikiwa petroli ya kule wanayoiita haioku, ambayo oktani zake ziko karibu na 100, sisi ya kwetu iko chini ya hapo. Kompyuta inajua hewa iliyoingia kwa kusoma sensa iliyokaa kwenye bomba la filta. Sasa ukibadili lile bomba ukaweka filta ya mtaani, sensa inaweza kusoma hewa kidogo kuliko inayopita kweli, kwa hiyo mafuta yanakuja machache. Juu yake ukafungua eksozi, tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka bila kizuizi, na busti, yaani presha ya hiyo hewa, inapanda kupita ilivyopangwa. Mafuta machache, busti kubwa, petroli hafifu, ndani mnaanza kulipuka kabla ya wakati, na kwenye EJ pale kwenye ringi ndo pepesi kuliko kote. Hiyo pshhh yenyewe ni kutupa nje hewa ambayo kompyuta ilishaihesabu, mafuta yanazidi kwa muda, plagi zinakuwa nyeusi. Yaani nilikuwa nachoma wese ili watoto wa mtaani wageuke.

Na kilichoniuma, vifaa havikuwa na shida. Shida ni kwamba aliyefunga hakuandika mapu upya, yaani ile programu ya kompyuta inayopanga mafuta na busti. Nina jamaa yangu ana Forester SG5 imefungwa vitu kuliko yangu ile, lakini ukimuuliza anafungua simu anakuonyesha mapu yake, anakuonyesha geji ya kupimia mchanganyiko wa hewa na mafuta, risiti, tarehe ya oili. Akiuza kesho nakopa naenda kuichukua. Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni nani alikuandikia mapu, akinijibu "mapu ipi tena kaka?" namuaga kwa heshima.

Ila msije mkadhani neno stock, yaani gari haijaguswa, ni salama, hapo ndo wengi wanalizwa. Kuna watu wanairudisha gari stock wiki moja kabla ya kuuza, vitu vya bei wanavitoa wanauza pembeni, injini iliyoteswa inabaki. Mimi naangalia nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva kama ina vitundu vya skrubu vya geji. Naangalia boliti za tabo na eksozi kama zimekwanguliwa na spana wakati gari nzima ina vumbi la miaka. Nafika asubuhi kabla haijawashwa, nikikuta bonet ina joto najua kuna kitu kinafichwa. Namba ya injini nailinganisha na kadi. Na nembo ya STI, ile WRX kali zaidi, isikutishe, STI ya Japan ya kizazi hicho inaandikwa GDB kwenye bati la chasisi, ukikuta GDA ujue nembo imetoka Kariakoo. Yangu ilikuwa na hiyo nembo, na gia tano wakati STI hiyo ni ya gia sita, na mimi nikaamini.

Ile ya rangi ya fedha nilirudi kwa yule mzee nikaikuta bado ipo, na alipojua kilichonipata hakushusha hata laki. Nikalipa. Timing belti nilibadilisha wiki ile ile maana hakuna aliyekumbuka lini iliguswa, na hii injini belti ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Sasa shokapu za nyuma zinavuja na nimeanza kuangalia koilova, zile shokapu za kushushia gari, mtandaoni usiku wife akilala. Dogo sijamjibu bado.