Karatasi iliyokunjwa mara nne

Ijumaa, saa tano usiku. Umeme umekatika tangu magharibi, Busia ya Uganda yote giza, isipokuwa upande wa forodha ambako jenereta hazilali. Naandika kwa tochi ya simu.

Leo nilikuwa na kipindi cha afya ya uzazi, kidato cha tatu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mwaka jana nikaongezewa ulezi wa wasichana, na pamoja nao kipindi hiki ambacho chumba kizima cha walimu hukikimbia. Siwalaumu. Tangu mwongozo wa taifa wa elimu ya jinsia wa 2018 uzue mvutano na viongozi wa dini, kila anayeingia darasani na mada hizi hunyata kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

Mada ilikuwa msichana akipata mimba, afanye nini. Si mambo ya kufikirika haya: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu msichana mmoja kati ya wanne, wa miaka 15 hadi 19, ameshazaa au ni mjamzito. Kurudi shuleni baada ya kujifungua nilikwisha kulieleza wiki iliyopita. Leo ikabaki kuasili, yaani mtu kumchukua mtoto wa mwingine awe wake kisheria. Mwaka jana niliiandikia mstari mmoja tu kwenye maandalizi yangu, "au mtoto akaasiliwe", nikaendelea na mengine. Safari hii nikasema niifundishe sawasawa.

Nikaandika ubaoni KUASILI. Kijana wa dawati la nyuma akasoma kwa sauti: "Kuasi mtoto." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Katika nchi yetu neno waasi halihitaji kamusi. Kisha msichana mmoja akauliza kwa nini neno lenyewe lina asili ndani yake, wakati mtoto anaondolewa kwenye asili yake. Miaka kumi na moja nafundisha lugha hii, sikuwahi kuliona hilo. Nikajibu kwamba labda maana yake ni kumfanya awe wa asili yako. Akaitikia "sawa, mwalimu" kwa ile sauti ya kunisitiri.

Sheria niliimudu. Sheria ya Watoto ilianza kutumika 1997. Anayeasili awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21. Raia hupeleka ombi kwa hakimu mkuu, mgeni huenda Mahakama Kuu. Nikawaeleza pia kwamba zamani wageni wengi walipitia mlango wa nyuma, wakiomba ulezi wa kisheria tu na kuondoka na mtoto, mpaka marekebisho ya 2016 yakaufunga: ulezi huo sasa ni wa raia peke yao, na mgeni anayetaka kuasili akae nchini na amlee mtoto mwaka mmoja kwanza, afisa wa ustawi wa jamii akiangalia. Nilipofika kwamba mtoto wa miaka 14 na kuendelea lazima aulizwe na akubali mwenyewe, wakanyanyua vichwa. Wote wamepita umri huo. Nadhani hakuna sheria nyingine waliyowahi kusikia inayowauliza.

Nikatoka nimejipongeza. Kosa ndipo lilipokuwa.

Mwisho wa kipindi huwa napitisha boksi la viatu lenye tundu, wanatia maswali bila majina. Nalifungulia nyumbani. Mengi ni yale yale. Moja lilikuwa karatasi ya mirabaraba iliyokunjwa mara nne hadi ikawa ngumu kama kete: "Mwalimu kama mtu alichukuliwa mdogo na hajui ukoo wao atajuaje ambaye hafai kumwoa. Na senga wake ni nani."

Nimeisoma mara ngapi sijui. Kipindi kizima nilizungumza juu ya anayetoa na anayepokea, mtoto nikamwacha kama furushi linalopita mpakani. Na hili ndilo swali la afya ya uzazi hasa. Muganda wa ukoo wa Nsenene haoi Nsenene. Wasamia nao huulizana koo kabla ya kuulizana majina. Mambo ya chumbani msichana hufunzwa na senga, dada wa baba. Bila baba anayejulikana, senga anatoka wapi? Mimi mwenyewe nililelewa na mama mkubwa, bila hakimu wala karatasi, ila ukoo wangu niliujua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni mali.

Nikampigia mwalimu wa dini ya Kiislamu, jirani yangu. Akasema kwao limekwisha zamani: yatima utamlea, utamlisha, lakini ataitwa kwa jina la baba yake. Akinyonya kwa mama mlezi utotoni anakuwa ndugu wa kunyonya, haolewi humo. "Ninyi mlifuta jina, dada, ndiyo mkapotea." Huyu naye hakosi nafasi ya kutushinda. Lakini kuhusu mtoto aliyeokotwa, asiyejulikana baba, akanyamaza kidogo, akasema atamuuliza sheikh.

Mwandiko naujua. Nasahihisha insha zake kila wiki, ile g yenye mkia uliorudi nyuma. Nimejilazimisha nisifikirie jina, nimeshindwa. Mzazi wake namjua pia. Huja siku ya wazazi na ndizi mbivu za walimu, na sijawahi kusikia yeyote akisema neno.

Jioni, natoka getini, mwenye g akanifuata na kunibebea mfuko wa vitabu bila kuombwa.

"Mwalimu, boksi unalijibu lini?"

"Ijumaa ijayo, kama kawaida."

"Ijumaa ni mbali, mwalimu."

Nilikuwa bado sijalifungua. Nikamwambia basi, Jumatatu.