Kutoka Chuo hadi Chuo

Sisi watu wa Lamu tuna neno moja, chuo, linalobeba mwanzo na mwisho wa safari ya mtoto. Mwana wa miaka 4 huvishwa kanzu na kofia akapelekwa chuoni, yaani madrasa, kufundishwa alifu na bee. Miaka 15 baadaye mama yule yule huulizwa mwanawe yuko wapi, naye hujibu kwa fahari kwamba yuko chuo, akimaanisha Mombasa au Nairobi. Ninayotaka kuyaandika leo yako katikati ya vyuo hivyo viwili, maana ndipo tunapowapoteza wengi.

Mpwa wangu alifika darasa la mwisho la shule ya msingi bila cheti cha kuzaliwa. Jambo hilo liligunduliwa wiki ya kusajili watahiniwa, na kwa kuwa uzazi usioandikishwa ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa wa kuchelewa, wenye fomu zake na mashahidi wake, hakuwahi. Alirudia mwaka. Nilipokwenda kwa dada yangu kutafuta karatasi, alinitolea mfuko wa nailoni kutoka chini ya godoro. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kliniki, kurasa za chanjo zimejazwa zote kwa kalamu ya buluu: ya kuzaliwa, ya wiki ya 6, ya 10, ya 14, na ya surua ya miezi 9. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, imekunjwa mara nne, wino umefifia. Karatasi ile ndiyo ambayo ingempatia cheti, na ilikuwa imelala pale tangu siku mtoto alipotoka hospitali. Muuguzi aliiona. Mwalimu wa chekechea aliulizia cheti, akaambiwa kitaletwa, akamwandika mtoto. Shule ya msingi nayo ikafanya vivyo hivyo. Sioni mwenye nia mbaya kati yao. Kila mmoja alitimiza sehemu yake, akamsukuma mtoto mbele.

Tumezoea kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana, nami sina ubishi na wahenga, ila hapa kwetu mikono si haba: kuna bibi, mwalimu wa chuo, mhudumu wa afya wa mtaa, mwalimu wa chekechea, naibu wa chifu, bodi ya shule, wenye kutoa zaka na wenye kugawa basari. Taabu ni kwamba mikono hiyo haipokezani. Sheria yenyewe imemgawa mtoto vipande. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ikaiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mtoto wa Lamu huanza mikononi mwa kaunti, akahamishiwa Nairobi anapoingia gredi ya 1, na asipokwenda chuo kikuu akarudishwa kaunti akiwa kijana mwenye ndevu. Sijapata kuona faili linalosafiri naye.

Pengo la kwanza huanza mapema kuliko tunavyodhani. Chanjo ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na baada ya hapo akina mama wengi huona kliniki imekwisha, ijapokuwa uzito wake hutakiwa kufuatiliwa hadi atimize miaka 5. Tangu hapo hadi chekechea, mtoto asiyesikia vizuri au aliyechelewa kusema anaweza kukaa nyumbani zaidi ya miaka 2 bila kutazamwa na mtu mwenye ujuzi. Pengo jingine liko baharini. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, Januari 2026, na kwa mtoto wa kisiwa cha Pate hatua hiyo huenda ikawa ni bweni la ng'ambo, pamoja na nauli ya boti, sanduku na godoro. Januari ni kaskazi, bahari imetulia na samaki wapo, na mvulana aliyekosa karo asubuhi hupata nafasi katika mashua jioni. Akishaonja pesa ya samaki, kumrudisha darasani ni kazi ya watu wazima kadhaa, si ya barua moja ya mwalimu mkuu.

Wenzetu wa Cincinnati, Marekani, walilikabili jambo hili mwaka 2006. Zaidi ya viongozi 300 wa shule, vyuo, kampuni na mashirika ya misaada walikubaliana kumtazama mtoto mmoja kwa vipimo vilivyo sawa, tangu utayari wa kuanza shule, kusoma katika madarasa ya chini na hesabu ya darasa la 8, hadi kumaliza chuo na kupata kazi. Kilichonivutia si fedha zao, kwani hizo hatunazo. Ni kwamba hawakuanzisha mradi mpya, bali waliifanya miradi iliyopo isomeane. Wala sisi watu wa Pwani si wageni wa kuunganisha. Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan walianzisha shule za awali zilizochanganya mafunzo ya dini na maandalizi ya shule, na mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda.

Basi tangu mwaka jana watu watano tunakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alasiri, katika baraza ya chuo cha mtaani kwetu. Chombo chetu ni daftari la kurasa 200. Kila mtoto ana mstari wake wenye safu za cheti, kliniki, siku alizokosa shule, siku alizokosa chuoni, na safu ya mwisho inayosema nani anamfuata. Nilidhani shule ndiyo ingekuwa ya kwanza kutuarifu mtoto anapoanza kupotea, kumbe ni mwalimu wa chuo. Mtoto huacha kwanza chuoni, ambako hakuna mtihani wala karo ya kumtisha, kisha wiki kadhaa baadaye huacha shule.

Si kila mtu alitupokea kwa mikono miwili. Bibi mmoja alituuliza nani katupa ruhusa ya kuandika shida za nyumba yake daftarini, na sitara yake iko wapi. Alikuwa na haki. Siku hizi majina hayasomwi kwa sauti, tunataja nambari, na mwenye kumfuata mtoto huenda nyumbani kwao peke yake baada ya magharibi, bila kundi.

Jiwe la msingi la bandari ya Lamu liliwekwa Machi 2012, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Bandari hiyo ikaja na ahadi ya kuwafadhili vijana 1,000 wasomee kazi za bandari. Ni jambo jema, lakini ufadhili humkuta aliyekwisha kufika mlangoni akiwa na kitambulisho na cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Katika daftari letu wamo vijana watatu ambao vyeti vyao vimezuiliwa shuleni kwa sababu ya salio la karo, ingawa sheria inakataza kuvizuia. Mmoja tumemkomboa kwa barua na subira. Alhamisi ijayo tuna majina manne ambayo safu yake ya mwisho bado ni tupu, na mawili kati yake ni ya watoto waliohamia Mokowe, ng'ambo ya bara, ambako hatuna mtu.